Jicho la Machomanne

Suwedi ameviweka viwili juu ya kioo cha kabati,
kwenye kitambaa cha kufutia miwani.
Huku kiwiliwili: cheusi, kipya, hakina jicho.
Huku jicho: refu kama mchi, la mkononi,
lina mkwaruzo ubavuni
ambao Suwedi ameugeuzia ukutani.
"Chagua, mwalimu. Fedha zako zinatosha kimoja."

Fedha zangu ni karafuu za mikarafuu mitano.
Tulizichambua mimi na Raya, karafuu huku, makonyo huku,
mpaka kucha zikanukia wiki mbili.
Nimezitia kwenye bahasha ya mitihani ya kidato cha pili,
na juu yake, kwa kalamu nyekundu,
nimeandika hesabu ambayo mwezi wa nne huu
imekataa kunipa jibu.

Popo wa Kidike hulala mchana, juu, mbali,
wamening'inia, kila mmoja na zamu yake ya kugombana.
Kwa jicho nililonalo, lile fupi lililokuja na kamera,
nimewapiga mara elfu na mia mbili,
na mara elfu na mia mbili wametoka vitone.
Raya hutazama, huuliza, "Hizi tende?"
Siku nyingine: "Pilipili manga?"
Hasemi kwa ubaya. Ndivyo anavyoona.

Basi nunua jicho, utasema.
Ngoja.
Popo haruki mpaka magharibi inakaribia,
na saa hiyo kamera yangu kongwe
nikiilazimisha kuona gizani
hunitolea chenga,
chenga tupu, kama mchele wa chini ya gunia.
Kiwiliwili kile, anaapa Suwedi, kinaona usiku kama paka.
Kitampata hata bundi wa Ngezi,
yule ambaye mama mkwe amenikataza kumwingiza nyumbani
hata akiwa karatasi.

Nilimuuliza Hamad Faki, mwenye kuwahesabu popo
kwa daftari na kijiti cha kuelekezea:
ungekuwa weye, ungenunua kipi?
Akatazama miguu yake.
"Mie ningenunua buti."

Simu ya Suwedi ikalia, akatoka nyuma ya duka.
Nikalipachika lile jicho kwenye kamera yangu,
likaingia, tk,
nikalielekeza mlangoni, ng'ambo ya barabara,
alikokaa fundi cherehani na sindano yake.
Akaulowesha uzi kwa midomo. Ukakosa.
Akaulowesha tena. Ukakosa.
Nikaiona nyuzi moja iliyochanika ikimwonea,
naye haioni.
Mara ya tatu ukapenya,
fundi akashusha pumzi,
na mimi, hatua hamsini kutoka kwake, nikashusha yangu.

Suwedi aliporudi bahasha ilikuwa imeshafunguliwa.
Tulivutana kidogo juu ya ule mkwaruzo.
Alinipunguzia. Si sana.

Jioni ya tatu nilimwekea Raya kamera mapajani.
Aliikuza picha kwa kidole, akaikuza tena.
Manyoya ya mdalasini, sikio limechanika,
na chini ya ubawa, amemng'ang'ania mamaye,
kitoto kimetoa macho.
Chenga zilikuwepo, tele.
Raya hakuziuliza.
"Kumbe ana uso," alisema.
Kisha, baada ya muda: "Kamfanana kaka yako, akidaiwa."

Na bundi?
Nilimwendea Ngezi, Jumamosi, baada ya isha.
Aliita mara moja, karibu, juu ya kichwa changu hasa.
Niliinua jicho langu refu, nikabonyeza.
Picha imetoka nyeusi, pembe mpaka pembe.
Kiwiliwili kile kingemwona; najua, Suwedi naye anajua,
na kila nikipita Machomanne kipo pale pale kwenye kioo,
kinanisubiri mavuno ya mwakani.

Ile nyeusi sijaifuta.
Yumo.